Sisimizi Ndani ya Nyumba za Pwani: Mwongozo Kamili wa Kuwamaliza Kiotini na Kuwazuia Wasirudi

Malalamiko ya wasomaji yanafanana. Mtu kapuliza dawa usiku, asubuhi kakuta mizoga ya sisimizi imetapakaa chini ya kabati, kafagia, kashukuru. Siku chache baadaye msafara umehamia bafuni. Haujapita muda, uko kwenye kitanda cha mtoto. Anarudi dukani kununua kopo kubwa zaidi.

Dawa haina kosa, ila haifiki panapotakiwa. Sisimizi unaowaona ukutani ni sehemu ndogo ya kundi, wale waliotoka kutafuta chakula. Malkia, mabuu na wafanyakazi wengi wamebaki kiotini, ndani ya ukuta au chini ya sakafu, ambako kopo lako halifiki. Aina nyingine zina malkia wengi, na kundi likishtuliwa kwa dawa ya kupuliza hugawanyika: ulikuwa na kiota kimoja, sasa una vitatu.

Kwa hiyo hapa tunaanza kwa kuwalisha. Wakishabeba sumu wenyewe hadi kwa malkia, ndipo tunafuta njia zao, tunaziba nyufa na kuikausha nyumba. Fuata mpangilio huo huo. Anayeanza na kuziba huwafungia ukutani, nao hutafuta tundu jingine, mara nyingi upande wa chumba cha kulala.

Nimeandika nikifikiria nyumba za joto na unyevu: Tanga, Dar es Salaam, Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu, na popote ukuta unapotoa jasho wakati wa masika.

## Vitu vya kuandaa

- Asidi ya boriki, ule unga mweupe unaouzwa kwenye maduka ya dawa. Unga wa mchezo wa keram mara nyingine ni asidi hiyo hiyo, lakini si kila pakiti. Kama kibandiko hakisemi hivyo, usiutumie.
- Sukari, siagi ya karanga, na dagaa wakavu wachache
- Pamba, na vizibo vya chupa za maji kumi hivi
- Gudulia la kioo lenye mfuniko, na kalamu ya wino usiofutika
- Tochi, na chaki ya kawaida ya shuleni
- Sabuni ya maji na matambara
- Silikoni ya tyubu, simenti kidogo au puti, waya wa kusugulia masufuria, na mpira wa kuziba chini ya mlango
- Vifuu vya nazi viwili au vitatu
- Glavu za mpira

Usinunue ile chaki ya sumu inayotembezwa mitaani. Ina kiuatilifu ndani yake lakini inafanana kabisa na chaki ya darasani, na mtoto hawezi kuzitofautisha. Usinunue pia sumu iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, hata kwa bei ya kutupa. Kiuatilifu halali kina kibandiko chenye namba ya usajili wa mamlaka ya viuatilifu: TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya. Mafuta ya taa nayo yaache: yanaua wachache, yanawaka moto, na yanajaza chumba mvuke usiofaa kwa mtoto wala mgonjwa wa pumu.

## Hatua ya 1: Fuatilia msafara bila kuugusa

Subiri usiku nyumba itulie, washa tochi, ufuate msafara pande zote mbili. Upande mmoja utakupeleka kwenye chakula au maji. Mwingine utaishia kwenye tundu. Weka alama ya chaki pembeni ya tundu hilo, si juu ya njia yenyewe.

Tazama hasa pale bomba linapoingilia ukutani chini ya sinki, kingo za swichi na soketi, maungio ya fremu ya mlango na ukuta, matundu ya hewa, na mstari ambapo marumaru za sakafuni zinakutana na ukuta. Kisha toka nje uangalie ukuta huo huo kwa upande wa pili. Kwenye nyumba za mawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe, tundu la ndani na la nje huweza kuwa mbali sana, kwa kuwa ukuta mnene umejaa mianya katikati.

Usiwaue wala kuwafagia. Kila sisimizi anayerudi na chakula huacha alama ya harufu ambayo wenzake wanaifuata, na kesho njia hiyo ndiyo itakayobeba chambo chako. Hatua hii imekamilika ukiweza kusema kwa uhakika: wanatoka hapa, wanakwenda pale.

## Hatua ya 2: Jua ni akina nani

Kutowatambua hupoteza chambo kuliko kosa jingine lolote, kwa hiyo usiiharakishe hatua hii.

Wadogo mno, rangi ya njano au hudhurungi hafifu, milimita 2 hivi. Hawa ndio wasumbufu kuliko wote. Wana malkia wengi, wanaishi ndani ya kuta karibu na joto na maji, na ndio wanaogawanyika vibaya wakipulizwa dawa. Hupenda mafuta na vyakula vya nyama au samaki, lakini sukari nayo hawaiachi. Hujipenyeza hadi kwenye bandeji, hivyo nyumba yenye mtoto mchanga au mtu mwenye kidonda isichelewe kuchukua hatua.

Wadogo pia, kichwa cheusi, tumbo na miguu iliyopauka kiasi cha kutoonekana vizuri juu ya marumaru nyeupe. Ukimponda mmoja kwa vidole utasikia harufu kama ya nazi iliyochacha. Hawa ni wapenda sukari. Huweka kiota kwenye nafasi finyu kabisa: nyuma ya swichi, ndani ya vyungu vya maua, kati ya nguo zilizokunjwa zamani.

Hudhurungi, wa saizi mbili katika msafara mmoja, baadhi wakiwa na kichwa kikubwa kisicholingana na mwili. Utakuta vijilima vya udongo laini chini ya ukuta au kati ya vigae. Kiota chao kiko ardhini, mara nyingi nje. Hula karibu kila kitu, ila mafuta na protini huwavuta zaidi.

Weusi, miguu mirefu, wanakimbia ovyo bila mstari. Kiota kiko nje, chini ya mbao, mawe au takataka. Kwa hawa usafi wa uani una nguvu kuliko chambo.

Majimoto, wale wekundu wanaoshona majani ya mwembe au mkorosho. Waache mtini. Wanakula wadudu wanaoharibu korosho, embe na nazi. Wakiingia ndani, wamepitia tawi lililogusa paa. Kata tawi.

Siafu. Wanahama kwa jeshi na hawana kiota cha kudumu nyumbani kwako. Chambo hakiwahusu. Watoe watoto, wagonjwa, vifaranga na mnyama yeyote aliyefungwa, wapishe wapite. Baada ya saa kadhaa watakuwa wameondoka, tena wameondoka na mende wako.

Mchwa si sisimizi. Kiuno chao ni kinene na rangi yao ni nyeupe ya maziwa. Ukiona mifereji ya udongo ikipanda ukutani kuelekea mbao za paa, mwongozo huu si wa tatizo lako. Mtafute fundi wa mchwa mapema.

## Hatua ya 3: Ondoa chakula kinachoshindana na chambo

Sisimizi mwenye asali, tende na mafuta ya jana jikoni hana sababu ya kugusa chambo chako.

Sukari, unga, maandazi, kashata na halua viingie kwenye vyombo vyenye mpira ndani ya mfuniko. Mfuniko wa kuzungusha usio na mpira hauwazuii wale wadogo. Wanafuata ile mizunguko hadi ndani. Kama huna chombo kingine, tandika kipande cha nailoni kwenye mdomo wa kopo kabla ya kufunga. Dagaa wakavu wanavuta sisimizi kuliko sukari katika nyumba nyingi, na bado watu huwaacha kwenye mfuko uliofungwa fundo.

Sogeza jiko la gesi upanguse mafuta yaliyo chini na nyuma yake. Ndoo ya taka iwe na mfuniko na itolewe kila jioni. Vyombo visilale kwenye sinki. Chakula cha paka au kuku kisibaki usiku.

Angalizo: safisha meza, jiko na makabati, lakini njia uliyoitia alama katika hatua ya 1 iache kama ilivyo.

## Hatua ya 4: Waulize wanataka nini

Weka vizibo viwili kando ya msafara: kimoja na matone ya maji ya sukari, kingine na siagi ya karanga kidogo au dagaa aliyepondwa. Visiwe na sumu. Rudi baada ya saa moja. Kizibo kilichojaa ndicho kitakachokuonyesha chambo cha kutengeneza.

Sababu ya jaribio hili ni kwamba haja ya kundi hubadilika. Mabuu yakiwa mengi, wanatafuta protini. Vinginevyo wanataka utamu. Msafara uliokimbilia sukari mwezi jana unaweza kuipuuza leo.

## Hatua ya 5: Changanya chambo

Cha sukari. Robo lita ya maji ya uvuguvugu, vijiko vikubwa 2 vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha asidi ya boriki, kilichosawazishwa na si cha mlima. Koroga mpaka maji yawe maangavu.

Cha mafuta. Vijiko vikubwa 3 vya siagi ya karanga na robo kijiko cha chai cha asidi ya boriki. Ponda hadi usione unga.

Hapa wengi huona kipimo ni kidogo, wakaongeza mara tatu. Usifanye hivyo. Sumu kali inamuua mbebaji njiani, au anaitambua na kuiacha. Tunataka aishi muda wa kutosha kurudi kiotini na kuwagawia wenzake. Sisimizi hulishana mdomo kwa mdomo, na kwa njia hiyo tone moja linawafikia mabuu na malkia ambao hawatoki kamwe.

Vaa glavu. Tumia kijiko ambacho hakitarudi jikoni. Maji ya chambo yanafanana na maji ya kunywa, kwa hiyo usiyaweke kamwe kwenye chupa ya maji au soda: tia kwenye gudulia, ongeza rangi ya chakula, andika SUMU kwa herufi kubwa, funga kabatini. Mtoto akimeza, mpeleke hospitali mara moja pamoja na gudulia lenyewe, na usimlazimishe kutapika.

## Hatua ya 6: Tega, kisha uvumilie

Loweka pamba kwenye chambo cha sukari, iweke katika kizibo, ukitege kando ya njia, karibu na tundu. Pamba inawapa pa kusimama wasizame. Weka kizibo kila mahali msafara unapotokea, sehemu ambazo mtoto na paka hawafiki: nyuma ya friji, chini ya sinki, juu ya kabati.

Nje, chini ya ukuta, funika kizibo kwa kifuu cha nazi ulichokitoboa tundu dogo pembeni, na juu yake weka jiwe. Kifuu kinakinga mvua na kinawazuia kuku.

Siku ya kwanza msafara utanenepa. Utaona duara la sisimizi limetulia kuzunguka pamba, wanakunywa. Hapo ndipo watu huingiwa na hofu, wakashika kopo la dawa, wakaharibu kazi yote. Wingi huo ndio ushindi unaoanza.

Badilisha pamba kila baada ya siku mbili au tatu, kwa sababu maji ya sukari huchacha upesi katika joto la pwani, na siagi ya karanga hukauka. Kwa kawaida msafara hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Endelea kutega hata baada ya kutowaona, kwa wiki mbili zaidi, maana mayai na mabuu waliokuwa kiotini bado wanakua. Kwa wale wa njano wenye malkia wengi, tega katika vyumba vyote kwa wakati mmoja na ujiandae kwa muda mrefu zaidi.

Hakuna anayekula baada ya siku mbili? Ama umekosea aina ya chambo, ama kipimo kimezidi, ama mahali hapo palipulizwa dawa karibuni. Rudia hatua ya 4, sogeza kizibo, changanya upya.

Mnaoishi nyumba za kupanga, kubalianeni. Kiota kinaweza kuwa kwenye ukuta mnaochangia, na mwenzako akipuliza dawa upande wake, yeye anafukuza na wewe unapokea. Kugawana gudulia moja na kutega kwa wakati mmoja ni rahisi kuliko kulaumiana koridoni.

## Hatua ya 7: Futa njia

Sasa ndipo tambara linaingia. Osha njia yote uliyoitia alama kwa maji na sabuni, kuanzia tundu hadi mwisho, mara mbili. Ukiiacha, harufu iliyobaki inaweza kuwaongoza sisimizi wa kundi jingine.

Siki, ndimu, karafuu na mdalasini huvuruga harufu kwa muda mfupi. Zitumie ukipenda, ila haziui kiota, na ukizipaka kabla ya hatua hii unawafukuza kwenye chambo. Kamwe usichanganye siki au ndimu na dawa ya klorini ya kufulia: mchanganyiko huo unatoa gesi inayochoma mapafu.

## Hatua ya 8: Ziba

Subiri siku kavu. Silikoni haishiki kwenye ukuta wenye unyevu, na hii ndiyo sababu kazi nyingi za kuziba za mwezi Aprili hubanduka. Wakati mzuri ni Januari na Februari, kabla ya masika ya Machi hadi Mei, na Septemba kabla ya vuli.

Tundu la bomba lijaze kwanza waya wa kusugulia masufuria, kisha funika kwa simenti. Nyufa za fremu na kingo za sinki, silikoni. Nyufa za lipu, puti. Chini ya mlango, mpira. Kwa swichi na soketi, zima umeme kwenye swichi kuu kwanza, na ikiwa waya zinaonekana, muite fundi umeme.

Matundu ya hewa usiyazibe, nyumba inahitaji kupumua. Kwa yanayofikiwa na matawi, ondoa matawi.

Kipimo cha mafanikio: zima taa za ndani jioni, mtu wa pili amulike tochi kutoka nje kuzunguka milango. Mwanga usipite chini wala pembeni.

## Hatua ya 9: Kausha nyumba

Chakula peke yake hakielezi kwa nini sisimizi wanashinda bafuni. Wakati wa kiangazi wanaingia kutafuta maji. Mvua zikinyesha wanaingia kwa kuwa kiota kimefurika. Vyote viwili vinapungua ukishughulikia unyevu.

Kagua koki inayodondosha, bomba la maji ya kiyoyozi linaloishia chini ya ukuta, trei ya maji nyuma ya friji, visahani vya vyungu vya maua, na tambara la kudekia lililoachwa kwenye ndoo. Ukuta wenye ukungu karibu na chemba au tangi una maji yanayovuja. Tengeneza hayo kabla ya kupaka rangi.

Kuhusu desturi ya kusimamisha miguu ya kabati la chakula ndani ya vikopo vya maji: inafaa, ikifanywa vizuri. Ongeza tone la sabuni, kwani bila hiyo wale wadogo huvuka juu ya maji yenye vumbi. Kabati lisiguse ukuta wala waya. Mwaga na kusugua vikopo kila siku tatu, kwa sababu mbu wa homa ya dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana katika vyombo vidogo vya maji kama hivyo.

Kitanda cha mtoto kitenganishe na ukuta kwa kiganja kimoja, na chandarua kichomekwe chini ya godoro. Chandarua kinachoburuta sakafuni ni daraja.

## Hatua ya 10: Tengeneza uani

Acha nafasi tupu ya nusu mita kuzunguka msingi: pasiwe na mbao, matofali yaliyopangwa, majani yaliyooza wala maua yanayoegemea ukuta.

Kisha angalia chini ya majani ya mpapai, mstafeli na mhibiskasi ulio karibu. Ukiona vidung'ata vyeupe kama pamba au vidukari, umepata ghala la sisimizi. Wadudu hao hutoa maji matamu, na sisimizi huwalinda ili waendelee kuyapata. Waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo kila baada ya siku chache, kata matawi yaliyozidiwa.

Vijilima vya udongo vilivyo mbali na mizizi unaweza kuvimwagia maji ya moto, ukivaa viatu. Yanapunguza, hayamalizi, kifuu chenye chambo kibaki jirani. Jivu nalo linazuia likiwa kavu tu.

## Msafara ukirejea baada ya mvua

Usichukue kopo. Washa tochi, tafuta tundu, weka vizibo viwili vya majaribio. Sisimizi wachache wanaozurura bila mstari ni wapelelezi: waondoe kwa tambara la sabuni, tafuta kilichowavuta. Ukiona mstari kamili, changanya chambo usiku huo huo. Na ukiwa umetega ipasavyo kwa wiki sita bila msafara kupungua, kiota pengine kiko chini ya sakafu au ndani ya dari. Hapo muite mtaalamu wa wadudu, na kabla ya kukubaliana bei muulize kama atatumia chambo. Akikujibu atapuliza nyumba nzima tu, tafuta mwingine.